Makala ya mitishamba kutoka Lubumbashi: jarida kubwa la nje, jarida la wazi au jarida la Afrika?

Watafiti wengi wa mimea ya dawa hapa Lubumbashi huanza kufikiria jarida siku makala inapokwisha kuandikwa. Kwangu mimi huko ni kuchelewa. Jarida ndilo linaloamua uchume nini porini, umwulize mganga maswali gani, upime dozi ngapi maabarani. Usipolichagua mapema utajikuta na tawi lisilo na maua, ridhaa ya mganga isiyoandikwa popote, na hela ya kurudi Kasenga au Kipushi haipo tena.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya asistenti, chef de travaux au mwanafunzi wa famasia mwenye data nzuri na mfuko mwepesi. Nawaandikia kwa sababu inaniuma kuona kazi ya miezi mingi juani ikibaki ndani ya mémoire (tasnifu ya chuo) kabatini, wakati watu wa Katuba na Ruashi wanaendelea kunywa dawa ambazo tungeweza kuwaambia kitu juu yake.

Pima data yako kwanza

Kabla ya kulinganisha majarida, jiulize umeshika nini mkononi. Kuna data ya mahojiano: umekaa na waganga na wauza mizizi wa soko la komine ya Kenya, ukaandika ni mti gani, ni gome au jani, unachemshwa au unalowekwa, unatibu nini. Kuna data ya maabara: umetengeneza ekstrakti, yaani dondoo la mmea, ukaijaribu kwa vimelea vya malaria, kwa bakteria, au kwa panya waliopandishwa sukari. Halafu kuna data ya usalama na ubora, yaani sumu, metali, uchafu, au dawa ya mitishamba iliyokwisha kufungwa na kuuzwa.

Data hizi tatu hazina nyumba moja. Makosa mengi ya kuchagua jarida yanatoka hapa, wala si katika Kiingereza kibaya. Mtu ana orodha ya mimea kutoka kwa waganga, anaipeleka kwenye jarida linalotaka famakolojia, yaani jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Mwingine ana jaribio zuri la maabara, analipeleka kwenye jarida la watu na mimea. Wote wawili wanakataliwa na mhariri kabla makala haijamfikia mhakiki yeyote, mtaalamu wa kuipima.

Majirani wawili wanaochanganywa sana

Journal of Ethnopharmacology na Journal of Ethnobiology and Ethnomedicine yana majina yanayofanana, lakini yanauliza maswali tofauti kabisa.

La kwanza lilianza mwaka 1979. Linachapishwa na Elsevier na ni jarida la Chama cha Kimataifa cha Ethnofamakolojia. Swali lake ni hili: watu wanautumia mti huu hivi, je, jaribio linathibitisha nini juu ya matumizi hayo? Hata muhtasari wake lazima ufunguke kwa kipengele kinachoeleza umuhimu wa mmea katika tiba ya jadi. Kwa hiyo ukipima ekstrakti ya mizizi kwa alkoholi wakati waganga wote uliowahoji wanachemsha majani kwa maji, lazima ueleze kwa nini, la sivyo umekwisha kukatika na matumizi yenyewe.

Kuna vitu jarida hilo halivivumilii, na ni vizuri kuvijua kabla hujanunua kemikali. Kipimo cha DPPH peke yake, kile cha kuzuia uoksidishaji chenye rangi ya zambarau inayofifia, hakitoshi kuwa makala. Kinaonyesha kemia ndani ya neli, hakionyeshi dawa ndani ya mwili. Dozi moja tu haitoshi, wanataka kuona dozi kadhaa na jinsi matokeo yanavyopanda au kushuka nazo. Jaribio lisilo na dawa inayojulikana ya kulinganishia, kwa mfano artesuneti kwa malaria au metfomini kwa sukari, halina mguu wa kusimamia. Na dozi kubwa mno, ambayo binadamu hawezi kuifikia hata akinywa ndoo nzima, inahesabiwa kuwa haina maana. Juu ya hayo wanataka kujua ekstrakti ina nini ndani. Zile rangi za kutambua tanini, saponini na alkaloidi tunazofanya kwenye maabara zetu ni mwanzo tu; wahakiki watataka angalau kromatografia, njia ya kutenganisha viambato vya ekstrakti. Mwaka 2022 ulitoka mwongozo wa pamoja wa wataalamu, ConPhyMP, unaosema ekstrakti ya mmea ielezwe vipi. Usome kabla ya kuingia maabarani.

La pili lilianza mwaka 2005, liko chini ya mchapishaji BMC, na makala zake zote husomwa bure na yeyote. Lenyewe linauliza juu ya watu: nani anajua nini, anajuaje, maarifa yanasafiri vipi, yanapotea wapi. Hapa data ya mahojiano iko nyumbani. Lakini si orodha tupu. Enzi ya kuandika "mimea 60 inayotumika kutibu tumbo katika mji fulani" na kuishia hapo imekwisha. Wanataka swali.

Na hapa Lubumbashi tuna maswali ambayo wengine wangeyatamani. Mji huu ulijengwa na shaba na reli. Watu walikuja kutoka Kasai, kutoka Luapula, kutoka pande za Maniema, kila mmoja na dawa za kwao. Je, mganga wa Katuba ambaye wazazi wake walitoka Kasai bado anatumia mimea ya Kasai, au amehamia kwenye miti ya miombo iliyomzunguka? Dawa ya mtoto anayeharisha ni ileile kwa Mubemba na kwa Muluba wanaoishi avenue moja? Swali kama hilo linageuza daftari la majina kuwa utafiti.

Hesabu nazo zinahitajika, ila zisikutishe. Inayotumika sana ni kiwango cha makubaliano ya watoa habari, kilichopendekezwa na Trotter na Logan mwaka 1986. Unachukua idadi ya mara ambazo ugonjwa fulani ulitajiwa dawa, unatoa idadi ya spishi zilizotajwa, kisha unagawanya kwa idadi ile ya kwanza ukiwa umeipunguza moja. Tuseme kuharisha kumetajiwa dawa mara 24, na spishi ni 5. Ni 24 kutoa 5, sawa na 19. Gawanya kwa 23, unapata 0.83. Hiyo inasema waganga wanakubaliana sana. Ingekuwa spishi 20 kwa mara hizohizo 24, ungepata 0.17, yaani kila mtu na mti wake. Namba hiyo inasaidia kuchagua mti wa kupeleka maabarani. Ukiiandika bila kuitumia, mhakiki atakuuliza ulikuwa unaitafutia nini.

Nikilinganisha hayo mawili kwa mtafiti wa hapa ambaye hana mshirika mwenye vifaa vya kromatografia, nasema bila kusita: lenga la pili, lakini ujenge swali lako kabla ya kwenda kuhoji. Ukiwa na mshirika Ubelgiji, Liège au Brussels, mwenye mashine, na umejaribu dozi kadhaa, la kwanza linakufaa zaidi. Planta Medica, la tangu mwaka 1953, liko upande wa kemia na famakolojia zaidi ya hapo. Mahojiano hayana nafasi kule.

Pesa, mahali ambapo watu wanaogopa bure

Asistenti anafungua tovuti ya jarida la wazi, lile linalosomwa bure na yeyote, anakuta ada ya uchapishaji inazidi dola 2,000, anafunga kompyuta. Asifunge. Wachapishaji wakubwa, BMC akiwemo, wanasamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, na Kongo imo. Kinachoangaliwa kwa kawaida ni nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye jina lake lina anwani ya kuandikiwa. Kwa hiyo kama profesa wa Ubelgiji ndiye mwandishi wa mawasiliano, msamaha unaweza kukuponyoka hata kama kazi yote ilifanyika Kipushi. Lizungumzeni hilo kwa heshima na mapema. Msamaha uombwe siku ya kutuma makala. Ukingoja mpaka ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Journal of Ethnopharmacology lina njia mbili. Ukikubali makala yako isomwe kwa wanaolipia usajili, wewe hulipi kitu. Ubaya wake ni kwamba mwenzako asiye na usajili hataifungua. Lakini vyuo vyetu vinaweza kuingia kupitia Research4Life, ambako mpango wa afya, Hinari, ulianzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Uliza maktaba ya kitivo chako nenosiri. Huko utasoma bure majarida ambayo ungedhani hayafikiki.

Majarida ya Afrika na ya Kifaransa

Hapa nasimama upande wao kwa moyo wote, huku nikisema ukweli wa mipaka yao.

International Journal of Biological and Chemical Sciences, linalotoka Cameroon, linapokea Kifaransa na Kiingereza, na limechapisha mahojiano mengi ya mimea ya dawa kutoka Afrika ya Kati na ya Magharibi. Pan African Medical Journal, la tangu mwaka 2008, nalo linapokea lugha zote mbili. Hilo lipelekee data inayogusa hospitali: wagonjwa waliofika na sumu ya mitishamba, akina mama wajawazito wanaotumia dawa za asili, wagonjwa wa sukari wanaochanganya vidonge na mizizi. Kwa wanaopenda Kifaransa kuna pia Ethnopharmacologia, la Chama cha Ethnofamakolojia cha Ufaransa. Na jukwaa la African Journals Online, lililoanza mwaka 1998 na ambalo sasa liko Afrika Kusini, limekusanya mamia ya majarida ya bara hili. Pitia hapo ujionee mwenyewe.

Faida ya kwanza ni lugha. Mtu aliyesoma maisha yake yote kwa Kifaransa huandika hoja zake vizuri kwa Kifaransa, na mfamasia wa Likasi au Kolwezi ataisoma. Faida ya pili ni wahakiki wanaojua mazingira: hawatakuuliza kwa nini umeme ulikatika katikati ya kuota kwa bakteria. Mipaka nayo ipo. Mengine hayamo katika Scopus, orodha kubwa ya kimataifa ya majarida na makala, na tume ya kukupandisha cheo inaweza kuuliza. Mengine yanatoza ada, ndogo kuliko za Ulaya, lakini bila msamaha. Na makala ya Kifaransa husomwa na kunukuliwa na watu wachache zaidi duniani. Andika basi muhtasari mzuri wa Kiingereza, si ule wa kutafsiriwa na mashine usiku wa mwisho.

Kuna kitu kingine. Jarida dogo la Afrika si jarida la ulaghai. Nimesikia watu wakiyaweka kapu moja, na inaniudhi. Jarida la ulaghai unalijua kwa tabia yake: linakuandikia lenyewe likikusifu, linaahidi kukubali ndani ya siku chache, linataka dola kabla ya uhakiki, linataja vipimo vya umaarufu ambavyo hakuna anayevijua. Orodha maarufu ya majarida hayo, ya Jeffrey Beall, ilifungwa Januari 2017, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Tafuta jarida katika DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. ya kupima jarida kabla ya kutuma, na likidai limo Scopus, nenda Scopus kwenyewe ukalitafute. Angalia pia anwani ya tovuti, maana wapo wanaoiga jarida halisi mpaka jina na namba yake. Makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka kwingine, na mti wako unabaki umefungwa ndani.

Yale ambayo jarida lolote halitakusamehe

Haya ni ya pamoja, na ndiyo yanayoangusha makala zetu kuliko Kiingereza.

Chukua mulombwa. Gome lake linauzwa sokoni, jekundu, na ukilichemsha maji yanageuka kama damu. Muuzaji anasema ni mulombwa, nawe unaandika Pterocarpus angolensis. Lakini mukula, Pterocarpus tinctorius, naye hutoa utomvu mwekundu, na gome likishakauka na kukatwa vipande, hakuna mtaalamu wa mimea atakayeapa. Kwa hiyo gome la sokoni halitoshi. Mwombe muuzaji, kwa malipo ya haki ya siku yake, akupeleke kwenye mti anakolichuma. Kata tawi lenye maua au matunda. Maua ya mulombwa hudumu muda mfupi mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijashika. Ukienda Januari, tegemea matunda yake ya duara yenye bawa. Bana tawi kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku wakati wa mvua la sivyo kuvu litakutangulia, na uandike kwenye lebo: mahali, viwianishi vya GPS, mwinuko, tarehe, jina la mchumaji, namba yake, jina la kienyeji na ni la lugha gani.

Kisha upeleke kielelezo hicho kwenye herbari inayotambulika, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambayo alama yake ya kimataifa ni LSHI, au ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, huko Kipopo. Namba watakayokupa ndiyo inayoingia kwenye makala. Picha ya simu inasaidia lakini haichukui nafasi yake. Jina la kisayansi nalo lihakikiwe katika World Flora Online au Plants of the World Online ya bustani ya Kew. The Plant List, ambayo wengi bado wanaitaja, haijabadilishwa tangu mwaka 2013. Kwa mfano, Vernonia amygdalina, yule mti mchungu tunaoujua wote, sasa anaitwa Gymnanthemum amygdalinum. Andika jina jipya, utaje na la zamani mara moja.

Ridhaa. Kamati ya maadili ya chuo ipitie utafiti kabla, si baada. Mganga aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha yake kwamba anachosema kitachapishwa na ulimwengu utakisoma, na awe na haki ya kukataa au kubakiza sehemu ya siri yake. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, ya kugawana faida za mimea na viumbe vya nchi, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, kwa hiyo ekstrakti inayopelekwa maabara ya Ubelgiji inahitaji karatasi, na makubaliano ya nani atafaidika. Ukichuma ndani ya hifadhi za taifa za Upemba au Kundelungu, kuna kibali cha ICCN, taasisi inayozisimamia. Majarida ya nje yanazidi kuuliza haya, na ni haki yao. Zaidi ya hapo, ni haki ya mzee aliyekufundisha.

Jambo ambalo Lubumbashi inalo na wengine hawana

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulisukumwa na pepo za kusini-mashariki juu ya mitaa na mashamba ya upande wa kaskazini-magharibi. Udongo wa mji huu na wa migodi yote ya Katanga una shaba na kobalti, na pamoja nazo risasi na kadimi. Waganga wanachuma mimea hapohapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007 juu ya uchafu katika dawa za mitishamba, lilitaja miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadimi kwa kilo ya mmea mkavu.

Mtafiti akichuma mti uleule karibu na kiwanda cha zamani na mwingine mbali huko Kasenga, akapima risasi na kadimi katika yote miwili, akalinganisha, ana makala ambayo jarida la famakolojia, la sumu au la mazingira litaipokea kwa hamu. Haihitaji panya. Inahitaji kipimo cha metali, ambacho mji wa migodi hauwezi kukosa, na kielelezo cha herbari kwa kila mahali. Kama ningeulizwa leo data gani ichukuliwe kwanza Lubumbashi, ningesema hii, kabla ya jaribio lingine lolote la DPPH.

Basi uipeleke wapi?

Una mahojiano yenye swali, ridhaa na vielelezo: anza na Journal of Ethnobiology and Ethnomedicine ukiomba msamaha wa ada, wakikataa, rekebisha walivyosema, kisha International Journal of Biological and Chemical Sciences kwa Kifaransa. Una mahojiano bila vielelezo: usitume popote, rudi porini kwanza. Una ekstrakti, dozi kadhaa, dawa ya kulinganishia na kromatografia: Journal of Ethnopharmacology. Una ekstrakti na vipimo vya rangi tu: tafuta mshirika, au jarida la Afrika linalokubali kazi ya awali, na useme wazi kwamba ni ya awali. Una wagonjwa: Pan African Medical Journal, na kama ni jaribio la tiba kwa binadamu, fuata CONSORT, mwongozo wa kuripoti majaribio ya tiba, na nyongeza yake ya mwaka 2006 kwa ajili ya mitishamba.

Tuma jarida moja kwa wakati mmoja. Kutuma mawili kwa pamoja ni kosa ambalo wahariri huligundua, na jina lako ndilo linalobaki nalo. Majarida ya BMC hukubali mafaili ya ziada; tumia nafasi hiyo kuweka muhtasari wa Kiswahili ambao utaupeleka kwa waganga uliowahoji. Na barua pepe utakayoandika kama mwandishi wa mawasiliano iwe yako mwenyewe ya kudumu, pamoja na namba ya ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, maana majibu ya wahakiki yanaweza kufika baada ya miezi mingi, ukiwa umeshahama kitivo.